Savoy, Claridge's au Carlton?

Tajiri aliyefika London mwaka 1889 alikuwa na jambo moja la kuamua kabla gari la farasi halijaondoka stesheni: anataka kuonekana, au hataki?

Asiyetaka alipelekwa Brook Street, Mayfair, kwenye hoteli ya Claridge's. Ilianza mwaka 1812 ikiitwa Mivart's, na mwaka 1854 ikaingia mikononi mwa William Claridge, aliyekuwa mtumishi katika nyumba za watu wakubwa na hivyo akijua siri zao na namna ya kuzitunza. Mwaka 1860 Malkia Victoria alikwenda pale kumtembelea Eugénie, mke wa Napoleon III. Baada ya ziara ile, nani tena angehitaji kuipigia debe?

Aliyetaka kuonekana alielekea Savoy, iliyofunguliwa tarehe 6 Agosti 1889 kati ya barabara ya Strand na mto Thames. Mwenyewe, Richard D'Oyly Carte, alitajirika kwa michezo ya kuimba ya Gilbert na Sullivan, na jumba lake la maonyesho la jirani lilikuwa likiwaka umeme tangu 1881. Hotelini akaweka taa za umeme, lifti, na maji ya moto na baridi, na hayo yote mgeni hakutozwa pembeni, katika mji ambao hoteli nyingi ziliandika hata mshumaa kwenye bili. Mabafu yalikuwa mengi mno hivi kwamba, kama kisa kinavyosimuliwa, mjenzi aliuliza iwapo wageni ni viumbe wa kuishi majini.

Lakini bomba halimpi mtu sifa. Carte alilijua hilo, akamleta César Ritz, mtoto wa mkulima wa Uswisi, awe meneja, na Ritz akaja na mpishi Mfaransa, Auguste Escoffier. Ritz aliufanya ukumbi wa chakula kuwa mahali ambapo mwanamke wa heshima angeweza kula hadharani bila kusemwa, jambo geni kwa London ya wakati ule. Escoffier naye aligawa jiko kwa mafungu. Chukua mayai ya Meyerbeer: zamani mpishi mmoja angehangaika nayo mwanzo hadi mwisho. Sasa mmoja alipika mayai, wa pili akachoma figo la kondoo, wa tatu akashughulikia mchuzi wa trufeli, na sahani ikatoka ingali moto.

Machi 1898 wote wawili walifukuzwa. Divai na pombe kali za zaidi ya pauni 3,400 hazikuwa na maelezo, na ilidaiwa kwamba wauzaji walikuwa wakitoa bakshishi ili bidhaa zao zinunuliwe. Wapishi waligoma kwa hasira, polisi wakaitwa. Miaka miwili baadaye Escoffier alikiri kupokea bakshishi, lakini karatasi za kukiri kwake zilifichwa kwa miongo mingi, na sifa yake ikaendelea kung'aa kana kwamba hapakuwa na kitu. Nadhani Savoy ilinyamaza kwa kujilinda yenyewe vilevile.

Ritz hakukaa bure. Juni 1898 alifungua hoteli yake Paris, na mwaka 1899 akarudi London na Carlton, pembeni mwa Haymarket, Escoffier akiwa jikoni. Wateja wakubwa wakamfuata. Savoy ikawa imepata mpinzani aliyejifunza kila kitu ndani ya kuta zake. Claridge's haikuwa mpinzani tena: Carte aliinunua mwaka 1893, akaivunja, akaijenga upya na kuifungua 1898. Aliyehama Savoy kwenda Claridge's alikuwa akimlipa bwana yuleyule.

Juni 1902 kutawazwa kwa Edward VII kuliahirishwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mfalme. Carlton ilikuwa imejaa maandalizi. Kwa mshtuko huo Ritz alianguka na hakupona kabisa. Hoteli yenye jina lake iliyofunguliwa Piccadilly mwaka 1906, kwa fremu ya chuma, ilimkuta akiwa tayari ameishiwa nguvu.

Carlton yenyewe haipo. Iliharibiwa na mabomu ya Vita Kuu ya Pili, ikavunjwa, na mahali pake pakajengwa New Zealand House. Ukutani kuna kibao kinachomkumbuka mfanyakazi mmoja wa hoteli hiyo wa mwaka 1913: Ho Chi Minh.