Meza ndogo, meza kubwa: kikomo cha dau katika historia ya poka

Wacheza poka wengi huamini kwamba mchezo wa dau dogo na ule wa dau kubwa ni ndugu wasiofanana tabia. Chini wamekaa watu wasiojua kutupa karata, wanaofuata kila dau mpaka mwisho. Juu wamekaa wenye moyo mgumu, wanaozuga bila kupepesa jicho. Kwa macho tu, imani hiyo ina ukweli mwingi. Sababu inayotolewa ndiyo yenye walakini, maana husemwa kwamba fedha nyingi humtia mtu hofu, na aliyeishinda hofu hiyo hucheza kwa akili nyingine. Historia ya mchezo huu nchini Marekani, ulikoibukia New Orleans na kwenye meli za mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19, inaelekeza kwingine. Meza hizi mbili zilitenganishwa hasa na taratibu zake: mchezaji anaruhusiwa kuweka kiasi gani kwa mara moja, ukumbi unakata nini, na ni watu gani wanaovutwa kuketi.

Chukua Gardena, mji mdogo kusini mwa Los Angeles. Sheria ya California ilitaja kwa jina aina moja tu ya poka kuwa marufuku, na mwaka 1911 mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba ile ya kubadilisha karata ni mchezo wa ustadi. Kwa upenyo huo Ernest Primm alifungua ukumbi Gardena mwaka 1936, na wengine wakafuata. Hapakuwa na mgawaji aliyeajiriwa. Wachezaji wenyewe walichanganya na kugawa kwa zamu, na ukumbi uliishi kwa ada ya kiti iliyotozwa kila nusu saa. Wastaafu na watu wa kipato cha kawaida walijaa humo mchana kutwa. Dau lilikuwa na kikomo, wala tusidhani kikomo hicho kiliwekwa kwa huruma. Ukumbi unaokula ada ya kiti humtaka mteja akae, na mteja anayeweza kufilisika kwa mgao mmoja huenda asikae hata saa nzima.

Sasa tazama kikomo hicho kinavyoathiri uamuzi wa mtu. Tuseme mezani zimeshakusanyika dola 40 na dau la mwisho haliruhusiwi kuzidi dola 4. Mmoja anaweka 4. Mwenzake, hata kama ameshika karata duni, analipa 4 kwa matumaini ya kuchukua 44; akishinda mara moja tu katika kumi na mbili, hajapoteza kitu. Kwa hesabu hiyo, kufuata si ujinga hata kidogo, na anayezuga mbele yake ndiye anayestahili kuulizwa anafanya nini. Ondoa kikomo, mwache yule wa kwanza aweke dola 40 nzima. Mwenzake sasa lazima ashinde mara moja katika tatu ndipo arudishe fedha yake. Watu ni walewale, karata ni zilezile, lakini kutupa karata kumekuwa busara na kuzuga kumepata meno. Anayemcheka mzee wa Gardena kwa kutotupa karata anacheka hesabu sahihi.

Texas mambo yalikuwa kinyume. Katika miaka ya 1950 na 1960, Doyle Brunson, Amarillo Slim na Sailor Roberts walizunguka mji hadi mji wakicheza poka haramu, mara nyingi bila kikomo cha dau, huku wakichelea polisi kwa upande mmoja na majambazi kwa upande wa pili. Isidhaniwe kwamba tajiri aliweza kumfukuza maskini kwa kutaja tu kiasi asichokuwa nacho mwenzake. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba mtu hulazimika kwa kile tu alichoweka mezani kabla karata hazijagawiwa, na uwezo wa kupandisha dau uliishia hapo. Mchezo huo wa Texas ndio kasino ya Binion's Horseshoe ya Las Vegas iliouchagua kwa mashindano yake ya ubingwa wa dunia, yaliyoanza mwaka 1970. Brunson, bingwa wa 1976 na 1977, alitoa mwaka 1978 kitabu kinene cha mafunzo. Sura ya mchezo usio na kikomo aliiandika mwenyewe, akihimiza ushambuliaji usiokoma. Ile ya mchezo huohuo ukiwa na kikomo alimpa Bobby Baldwin. Mtu aliyeishi kwenye dau kubwa aliuhesabu mchezo wenye kikomo kuwa fani nyingine, dau lake liwe dogo au kubwa.

Hapa atasimama mpinzani na kumtaja Andy Beal. Kuanzia mwaka 2001 mwenye benki huyu wa Dallas alikwenda Las Vegas kupambana na mabingwa mmoja mmoja, akipandisha dau makusudi ili wachezee fedha zinazowauma. Kufikia 2004 dau lilifika dola 100,000 na 200,000. Je, hiyo si hofu ya fedha? Ni hofu kweli, na sikatai kwamba ipo. Lakini dawa yake ilikuwa ya kihasibu: mabingwa walichanga mfuko mmoja, kila mmoja akabeba sehemu ya hasara na faida, na aliyeketi akarudi kucheza kama kawaida yake. Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe ulikuwa wa dau lenye kikomo, kwa taratibu zilezile za meza ya wastaafu. Ukubwa wa fedha haukuugeuza kuwa mchezo wa Texas.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba walio hodari hupanda, walio dhaifu hubaki chini. Ni kweli, ila ukumbi nao una mkono wake. Kumbi nyingi hukata asilimia fulani ya fedha za mezani, na makato yana ukomo. Ukikata asilimia 10 isiyozidi dola 5, dola 50 zinapoteza sehemu ya kumi; dola 5,000 zinapoteza moja katika elfu. Kwa hiyo mbinu ya kunyakua mafungu madogo ya fedha za mezani, inayolipa juu, chini huliwa na ukumbi kabla haijamfikia mchezaji. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia kupitia shindano la mtandaoni la dola 86, alishinda dola milioni 2.5 za ubingwa, na umati ukamfuata kwenye intaneti. Huko mchezo usio na kikomo ulishuka hadi madau ya senti. Vijana walijifunza kuzuga na kushambulia kwa fedha isiyotosha kununua chai, jambo ambalo Gardena lisingekuwa na maana. Makato, hata hivyo, yalishuka nao hadi kwenye senti hizo, na kwa uwiano huko ndiko yalikouma zaidi.