Majina ya Kibera katika Ramani Huria

Neno Kibera asili yake ni Kinubi, kibra, yaani msitu. Ndivyo walivyopaita askari wa Kisudani wa jeshi la Kiingereza waliolowea hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, hadi 2009 ramani zilizopatikana kwa urahisi ziliiacha Kibera karibu tupu. Mwishoni mwa mwaka huo vijana wakazi, katika mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vipokezi vya GPS, wakaingiza vyoo, shule na zahanati katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza 2004. Majina yaliandikwa kama yasemwavyo: Laini Saba, Mashimoni, Kisumu Ndogo. Hili la mwisho lastahili kutazamwa na mwanaisimu, maana jina la mji wa ziwani limevikwa kivumishi cha Kiswahili. Lakini aina ya kitu, kwa kanuni ya ramani ile, hutajwa kwa Kiingereza. Choo kikahifadhiwa kama toilets. Si kwamba istilahi zilikosekana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikwisha kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mradi huo, hata hivyo, ulitafsiri maneno ayaonayo mtumiaji kwenye kioo; lugha ya kuainishia data haikuwa kazi yake.