Mizani Husomwa na Wawili

Wazee waliolima pamba hapa Usukuma enzi za Mwingereza walikuwa na malalamiko mengi, lakini lililowauma sana lilikuwa la mizani. Mkulima wa Lalago alilima, akapalilia, akavuna, akatenga safi na fifi, kisha akafunga mzigo wake na kuupeleka kwa mnunuzi. Hapo jasho lake la mwaka mzima liliingia mikononi mwa mtu mwingine. Mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma ratili, ndiye aliyeandika daftarini, na ndiye aliyelipa. Mkulima hakukatazwa kusema. Aliuliza, alinung'unika, pengine aligomba. Mwisho alipokea alichopewa akarudi nyumbani, kwa sababu maneno yake yote hayakuweza kuusogeza mshale wa mizani hata nukta moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walidai wapimaji wasio watu wa mnunuzi, wakaanza na kuunda vyama vyao vya kuuza pamba. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa kijana Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha katika Tanganyika huru. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Sisemi kwamba dhuluma ilikwisha siku hiyo. Ushirika nao ulikuja kupata wezi wake. Lakini jambo kubwa lilikuwa limetendeka. Mtu wa upande wa mkulima alisimama mbele ya mizani, akasoma, na alichosoma kikaandikwa.

Mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na miaka ya mwisho ya utumishi wangu niliongoza chuo cha ualimu. Siku hizi maneno "majadiliano" na "ushirikishwaji" yako midomoni mwa kila mtu, vyuoni na makazini. Semina huitishwa, chai hunywewa, posho hutiwa sahihi. Sina ugomvi na semina. Ila kila ninaposikia kwamba watu wa namna mbalimbali wameketi wakazungumza, najiuliza swali la wazee wa pamba: mizani ilisomwa na nani? Naomba, ndugu msomaji, tuipitie historia yetu tukiwa na swali hilo mkononi.

Tusianze kwa kujisifu kwamba sisi tulizaliwa tukijua mazungumzo. Ni kweli Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni, ambapo wazee na vijana wa kiume waliketi wakasimuliana, wakafundishana na kusuluhishana. Nililelewa kwenye moto huo na siubezi. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini mama zetu hawakuketi pale. Walikuwa wakipika chakula ambacho kingeletwa kuliwa pale pale. Ng'ombe wa mahari wangeweza kuhesabiwa hadi usiku wa manane bila binti mwenyewe kuulizwa lolote. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na kwa binti huyo ilikuwa hivyo hasa.

Baada ya uhuru taifa lilikuwa na moto wake mkubwa zaidi, na watu walioketi kuuzunguka walitofautiana kwa kabila, dini, elimu na mfuko. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu. Walipinga mpango wa serikali uliowataka walioelimika kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kambini na sehemu kazini kwa mshahara uliokatwa zaidi ya nusu. Baadhi ya mabango yalisema enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Rais Nyerere aliwasikiliza wakisoma madai yao. Kisha akawajibu kwa hasira, akapunguza mshahara wake mwenyewe, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Watu wamebishana miaka mingi nani alikuwa na haki siku ile. Mimi hutazama jambo jingine. Walizungumza wasomi na Rais, na pande zote mbili zilimtaja mkulima: huyu kwa kusema ndiye anayewasomesha, wale kwa kusema wao pia ni watoto wake. Mkulima mwenyewe alikuwa shambani, Lalago na kwingineko, na habari aliipata wiki kadhaa baadaye. Alikuwa mzigo juu ya mizani, hakuwa msomaji.

Machi 1967 ulitoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanaukumbuka kwa majembe na mabanda ya kuku. Wamesahau kwamba ulitaka pia shule ziwe jumuiya, na wanafunzi washiriki kuamua juu ya shamba lao na matumizi ya mapato yake. Palipokuwa na mwalimu mkuu aliyewaonyesha watoto hesabu za mahindi, kazi ilikwenda kwa nyimbo. Palipokuwa na mwalimu mkuu aliyeyauza mahindi bila mtu kujua, watoto walilima kama wafungwa. Jembe lilikuwa lile lile.

Hatua iliyogusa makazini ilikuja Februari 1970, kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka huo. Uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, ili mfagiaji na meneja waketi meza moja kuzungumzia uzalishaji na hali ya kazi. Nia ilikuwa njema. Lakini baraza lilikuwa la kushauri, na uamuzi ulibaki kwa wakubwa. Mfanyakazi aliweza kusema kwamba mashine ni mbovu, akapigiwa makofi, akarudi kwenye mashine ile ile.

Mwaka uliofuata, Februari 1971, mara baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, TANU ilitoa Mwongozo. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa na uonevu. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu wakati huo. Bwenini kwetu alilala Mhaya karibu na Mmakonde, Mwislamu karibu na Mkatoliki, na mtoto wa karani karibu na mtoto wa mchungaji ng'ombe. Tulikisoma kifungu hicho katika somo la siasa, na jioni tulikirudia vitandani kwa sauti ya chini, kama watu waliokabidhiwa ufunguo. Kwa mara ya kwanza aliye chini alikuwa na maandishi ambayo aliye juu hakuweza kuyakana.

Nchi ilikiona kilichotokea baadaye. Julai 1971, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kuukosoa uongozi wa chuo. Alikamatwa na askari wenye silaha mbele ya wenzake akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi waliomlilia walikuwa wa mataifa na makabila mengi, na hawakuuliza alizaliwa upande gani wa mpaka. Viwandani nako wafanyakazi walianza kuweka zana chini, na sababu mara nyingi haikuwa mshahara bali matusi na dharau za wakubwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi: walikichukua kiwanda kutoka kwa mwenyewe na kukiendesha. Hao, serikali iliwakubalia. Wengine waliojaribu mfano huo walifukuzwa kazi.

Wapo wanaosema fujo hizo zililetwa na mazungumzo kupita kiasi, kwamba ukimpa mdogo nafasi ya kusema atakupanda kichwani. Mimi naona kinyume chake. Watu walikuwa wamealikwa kusema mahali ambapo neno lao halikupimwa. Mtu asiyealikwa hunyamaza kwa uchungu, lakini aliyealikwa akapuuzwa huona amefanyiwa mzaha, na mzaha hauvumiliki kama ukali unavyovumilika.

Hata nia njema yaweza kukosea mtu asipoulizwa. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba vijana wasiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali wafanye kazi kwanza na waletwe kwa mapendekezo ya kazini na ya chama. Lengo lilikuwa kuwaingiza watu wazima na wafanyakazi waliosahauliwa, na wapo walioingia hivyo. Lakini kwa msichana miaka hiyo ya kungoja ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa. Idadi ya wanawake chuoni ikashuka, na baada ya muda sharti likalegezwa kwao. Mlango uliofunguliwa kwa kundi moja ulikuwa umelifungia kundi jingine.

Nimalizie historia hii kwa jambo la karibu. Kati ya mwaka 2007 na 2009 Kanda ya Ziwa ilitiwa aibu na mauaji ya watu wenye ualbino, na Mkoa wa Shinyanga, ambao Maswa na Bariadi zilikuwa chini yake kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, ulikuwa kati ya iliyoguswa vibaya. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Chuoni kwetu alikuwapo mwanachuo wa kike mwenye hali hiyo, na muda wa mazoezi ya kufundisha ulikuwa umekaribia. Katika kikao wakufunzi walipendekeza asiende vijijini. Abaki chuoni kwa usalama wake, na alama zake zikadiriwe. Lilikuwa pendekezo la huruma na hakuna aliyelipinga. Nilisema halitaandikwa mpaka yeye mwenyewe aitwe.

Aliingia, akasimama mbele ya watu 18, akaambiwa aketi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mkuu, mkinibakisha hapa mtakuwa mmenifukuza polepole. Nitapata cheti cha ualimu ambacho mimi mwenyewe sitakiamini." Akaomba apangwe shule moja na wanachuo wenzake watatu, walale nyumba ya mwalimu iliyo ndani ya uzio wa shule, na uongozi wa kijiji na sungusungu wajulishwe kabla hajafika. Mkufunzi mmoja akamwuliza kama kuna jambo jingine. Hapo tukasikia ambayo hatukuwahi kuyasikia kwa mwaka mzima na nusu: kwamba haoni maandishi madogo ubaoni na hunakili usiku kwa wenzake, kwamba jua la mstarini humchoma ngozi, kwamba bwenini wapo wasiotaka kutumia ndoo moja naye, na wapo wawili waliowakemea hao kwa niaba yake.

Pendekezo la mwanzo likafutwa, la kwake likaandikwa kama alivyolisema. Tangu wiki hiyo alisimama kivulini wakati wa mstari, na wakufunzi wakaandika kwa herufi kubwa. Wanachuo kadhaa wenye macho hafifu, ambao hawakuwa na ualbino, wakanishukuru. Suala la ndoo tuliwaachia wanachuo wenyewe walijadili bwenini, naye akiwapo, na walilimaliza bila adhabu ya mtu. Mazoezi alikwenda akarudi salama. Leo ni mwalimu.

Sheria zetu zimesonga mbele. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Mabaraza ya wafanyakazi yamo katika sheria za utumishi wa umma. Ni mambo mema. Lakini sheria humfikisha mtu kwenye kiti. Haiwezi kumhakikishia kwamba akisema, kuna kitakachoandikwa. Hilo liko mikononi mwa anayeongoza kikao, awe meneja, mkuu wa chuo au mwenyekiti wa kijiji.

Kwa hiyo vijana mnaoshika nafasi hizo, msijisifu kwa wingi wa vikao wala kwa rangi za watu waliohudhuria. Fungueni daftari la kumbukumbu mtafute uamuzi mmoja uliobadilika kwa sababu mdogo alisema. Mkiupata, basi mmezungumza kweli. Msipoupata, jueni kwamba watu wenu wamekuwa wakileta mizigo yao, wakiitazama ikipimwa, na kurudi makwao wakinung'unika kama wazee wa pamba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mnyonge ni kusogezwa karibu na mizani ausome mshale kwa macho yake.