Breki ya Mkono na Magurudumu ya Nyuma

Msomaji, ukitoka Ruiru kwenda Thika utapita Juja, na mbele ya Juja barabara huteremka katika bonde la mto Ndarugu. Njia hiyo siku hizi ni pana, ilifunguliwa mwaka 2012 baada ya kujengwa upya, na abiria aliyeketi katika matatu huenda asitambue kwamba ameshuka bonde. Dereva wa lori la mawe hutambua. Mawe ya kujengea yachimbwayo pande hizo ni mazito, na mteremko haumwonei mtu huruma. Katika nchi hiyo ya Juja ndipo nilipoanza kutamani kuijua historia ya breki, kwa sababu ambayo sina budi kuikiri kwanza.

Nilikuwa na motokaa kuukuu, ambayo breki yake ya mkono ilikuwa imelegea. Ukiuvuta wenzo wake, ulipanda hadi juu kama mkono wa mwanafunzi ajuaye jibu, na gari lisishikwe. Nililipeleka gereji. Fundi alijilaza chini yake, akaukaza waya kwa spana, akajipangusa vumbi. Kazi haikuzidi dakika kumi, nami niliipenda bei yake. Majuma machache baadaye niliegesha mahali penye mteremko, karibu na duka. Nilivuta wenzo, nikatoka. Sikuacha gari katika gia, na kosa hilo lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nikihesabu chenji niliposikia kelele. Gari lilikuwa likirudi nyuma polepole bila mtu ndani. Msichana mdogo alikuwa ameinama akifunika mtungi wake wa maji. Mama mmoja alimvuta mkono, na gurudumu likapita juu ya mtungi. Gari lilisimama lilipogonga ukingo wa mtaro. Mtungi nililipa. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Kwa nini breki iliyokazwa vile ilishindwa? Ili kujibu, yafaa turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, wakati shamba la Juja lilipokuwa mali ya Mmarekani William Northrup McMillan, aliyempokea hapo Theodore Roosevelt mwaka 1909. Mizigo ya walowezi wa siku zile ilichukuliwa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Gari la namna hiyo lilipofika penye mteremko, mtu alizungusha mpini wa skrubu, na magogo ya mti yakabanwa juu ya magurudumu ya nyuma. Tazama mambo mawili hapo: breki ilikuwa nyuma, na ilikazwa kwa mkono.

Mti ukisuguliwa sana hulika na kuungua. Huko Derbyshire, Uingereza, Herbert Frood alianza mwaka 1897 kutengeneza kitambaa kigumu cha kuvikwa breki za magari ya farasi. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault aliitia breki ndani ya gurudumu: vipande viwili vya chuma vilivyopindwa kama mwezi mchanga, vikijitanua ndani ya sufuria ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Vipande hivyo ndivyo viatu vya breki, na sufuria ndiyo mafundi waiitayo dramu. Ford ya Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, ilikuwa na kanyagio la breki lililofanya kazi katika gia, na wenzo wa mkono uliokaza viatu vya magurudumu ya nyuma. Ya mbele hayakuwa na breki kabisa!

Baadaye magurudumu yote manne yalipata breki, na fito na nyaya zikaacha nafasi yao kwa mafuta yasukumwayo katika mabomba membamba. Duesenberg ilifanya hivyo mwaka 1921. Ford ilikawia mpaka 1939. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mashindano ya Le Mans ikiwa na breki za diski, nazo baadaye zikaenea katika magurudumu ya mbele, ambayo hubeba uzito mwingi zaidi gari lisimamapo ghafula. Lakini breki ya mkono haikuhama. Mafuta huweza kuvuja usiku kucha gari likiwa limeegeshwa; waya hauvuji. Kwa hiyo, katika motokaa nyingi zipitazo Juja, na katika matatu nyingi vilevile, dramu ya nyuma ina mabwana wawili: mafuta ya kanyagio, na waya wa mkono. Wote wawili husukuma viatu vilevile.

Hapo ndipo fumbo langu lilipofumbuka. Kitambaa cha viatu kilikuwa kimelika, na nafasi kati yake na dramu ikawa kubwa. Fundi yule hakufungua kitu. Aliuvuta waya tu, hata wenzo mdogo ulio ndani ya dramu ukawa umekwisha kusogea kabla sijagusa breki, na kile kifaa kidogo chenye meno, ambacho hurefuka ili kufuata viatu vinavyolika, kikazuiwa kufanya kazi yake. Kitambaa kilipozidi kulika, hapakubaki mvuto wa kutosha.

Mzee mmoja afanyaye kazi kando ya barabara ndiye aliyenionyesha. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akateremsha wenzo wa mkono, akainua upande wa nyuma kwa jeki na kuliegemeza gari juu ya vigingi vya chuma. Aliulegeza waya wote. Alipofungua dramu, vumbi hakulipuliza, bali alilifuta kwa kitambaa chenye maji, maana vitambaa vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, iharibuyo mapafu. Akatia viatu vipya pande zote mbili, kisha akalizungusha lile gurudumu dogo lenye meno kwa bisibisi, mpaka viatu vikagusa dramu. Akarudisha meno machache. Akaniambia nikanyage breki mara kadhaa ili viatu vikae sawasawa. Waya aliukaza mwisho kabisa, naye hakuukaza sana.

“Mwalimu,” alisema, “njoo usikilize.”

Alilisukuma gurudumu kwa kiganja. Lilizunguka bila kukwama, likitoa sauti hafifu, kama ya ufagio katika chumba cha pili. Nilipouvuta wenzo, lilisimama papo hapo.