Amri ya 1266 na Visakale vya Mtakatifu Fransisko wa Asizi

Uhai wa visakale hutegemea kumbukumbu ya jamii, lakini hutegemea pia mamlaka yanayoamua masimulizi yapi yahifadhiwe na yapi yanyamazishwe. Visakale vya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyefariki nchini Italia mwaka 1226, vinaudhihirisha uhusiano huo.

Wasifu wake wa kwanza uliandikwa na Thomas wa Celano kwa agizo la Papa Gregori IX, aliyemtangaza Fransisko kuwa mtakatifu mwaka 1228. Mwaka 1244 shirika liliwataka watawa wote walioyajua matendo yake wayaandike. Leo, Rufino na Angelo, waliowahi kuishi naye, walituma kumbukumbu zao kutoka Greccio mwaka 1246, wakizifananisha na maua yaliyochumwa kondeni. Hawakudai kwamba wametunga historia yenye mfululizo.

Wingi huo wa masimulizi ulizua tatizo. Shirika lilikuwa likivutana kuhusu ufukara: wapo walioushikilia kama Fransisko alivyouishi, na wapo waliokubali makao ya kudumu, vitabu na elimu ya vyuo vikuu. Kisa kimoja tu cha mtakatifu kiliweza kutumiwa kama hoja katika mvutano huo. Bonaventura, mkuu wa shirika, aliandika wasifu mpya, na mkutano mkuu uliofanyika Paris mwaka 1266 ukaamuru visakale vyote vya awali viharibiwe.

Amri hiyo haikufaulu kikamilifu. Nakala kadhaa zilisalia, baadhi yake katika monasteri za mashirika mengine ambayo hayakufungwa na amri hiyo. Masimulizi ya mdomo nayo yaliendelea, hasa katika eneo la Marche. Katika karne ya 14 yalikusanywa kwa Kilatini, kisha yakatafsiriwa kwa Kitoskana kwa jina la Fioretti, yaani "maua madogo". Humo kinapatikana kisa maarufu cha mbwamwitu wa Gubbio aliyepatanishwa na wakazi wa mji, ambacho hakimo katika wasifu wa Thomas wala wa Bonaventura.

Kwa hiyo, umaarufu wa kisakale si ushahidi wa ukale wake, wala ukimya wa matini rasmi si ushahidi kwamba hakikusimuliwa. Anayeuchambua mkusanyo wa aina hii hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeuagiza, na ni sauti ya nani iliyokusudiwa kuzimwa.