Boniface Ngulinzira na maneno ya «miaka kumi»



Katika mikutano yetu ya vijijini kuna swali moja linarudi kila mara. Mama mmoja aliliuliza hivi: «Mimi nilitoka kwetu iko miaka kumi na mbili. Wanasema mutu akipitisha kumi, shamba si yake tena. Ni kweli ao ni uongo?» Watu katika barza wakaitika kwa kichwa. Tuliuliza nani alisema hivyo. Hakuna aliyejua. «Ni sheria,» wakajibu tu.

Sisi wa terrain tulijaribu kufuata hayo maneno yanatoka wapi. Mahali pa karibu tulipoyakuta yameandikwa kweli si katika Kongo. Ni katika itifaki iliyosainiwa Arusha, Tanzania, tarehe 9 Juni 1993, juu ya kurudi kwa wakimbizi wa Rwanda. Na nyuma ya karatasi ile kuna mutu ambaye wengi wetu hatukufundishwa jina lake shuleni: Boniface Ngulinzira, waziri wa mambo ya inje wa Rwanda tangu Aprili 1992 hadi Julai 1993.

Tunaishi karibu sana na mpaka hata tunasahau kwamba jirani ni inchi ndogo. Rwanda ni kilomita za mraba 26,338. Nord-Kivu peke yake inaipita zaidi ya mara mbili. Miaka ile ilikuwa tayari na watu zaidi ya milioni 7, na inje kulikuwa mamia ya maelfu waliokimbia tangu 1959, wako Uganda, Burundi, Tanzania, na kwetu Zaire. Wakiomba kurudi, serikali ya Raisi Habyarimana ilikuwa inajibu kwamba inchi imejaa. Tarehe 1 Oktoba 1990 watoto wa wakimbizi hao, chini ya FPR, waliingia na bunduki kutoka Uganda.

Zaire ilijaribu kwanza kupatanisha. Mapatano ya kusimamisha vita yalisainiwa N'sele, karibu na Kinshasa, Machi 1991, yakarudiwa Gbadolite, kwa Mobutu, Septemba mwaka ule. Vita haikusimama.

Ngulinzira aliingia wakati raisi alilazimishwa kukubali vyama vingi. Tarehe 16 Aprili 1992 iliundwa serikali ya muungano, waziri mkuu akiwa Dismas Nsengiyaremye wa MDR. Ngulinzira, naye wa MDR, akapewa mambo ya inje. Hakungoja. Mwezi wa tano alikuwa Kampala anakutana na FPR, mwezi wa sita wajumbe wakaonana Paris, na tarehe 12 Julai mapatano mapya ya kusimamisha vita yakasainiwa Arusha. Kwa mwaka mzima uliofuata kazi yake ilikuwa pale, mbele ya wapatanishi wa Tanzania, inchi ya Raisi Ali Hassan Mwinyi.

Tukisoma habari za meza ile, tunaona kitu ambacho mutu yeyote aliyekaa katika mazungumzo ya chifu na familia mbili anakijua: aliyetumwa anaongea na adui mbele, na wake mwenyewe wako nyuma wanamvuta shati. Wajumbe wa serikali hawakuwa kundi moja. Ngulinzira alikuwa wa upinzani. Balozi Kanyarushoki alikuwa mutu wa raisi. Kolonele Théoneste Bagosora naye alikaa kati ya wajumbe. Ngulinzira akikubali neno, Kigali walisema ameuza inchi. Tarehe 30 Oktoba 1992 ilisainiwa sehemu ya kwanza ya kugawana mamlaka. Wiki mbili nyuma, kule Ruhengeri, raisi alizungumzia mapatano kama karatasi tu. Sehemu ya pili ilisainiwa tarehe 9 Januari 1993, na kabla ya mwezi kwisha watu wakauawa huku upande wa Gisenyi na Ruhengeri. Mwezi wa pili FPR ikashambulia tena, na karibu watu milioni moja wakawa wanalala inje ya nyumba zao ndani ya inchi yao.

Ni katika hali ile itifaki ya wakimbizi iliandikwa. Fikirini kidogo. Walikuwa wanaandika namna gani watu wa 1959 watarudi, wakati wa 1993 walikuwa bado wanakimbia.

Kifungu cha 4 ndicho kinatuhusu. Kinaanza kwa kusema haki ya mali ni ya kila Munyarwanda, na kwamba mkimbizi akirudi ana haki ya kuchukua mali yake. Kisha kinageuka: pande mbili zinapendekeza, kwa ajili ya amani kati ya watu, kwamba waliotoka zaidi ya miaka 10 wasidai tena mali ambayo wengine wamekwisha kukaa ndani. Na palepale, bila kuruka mstari, kinaendelea: serikali itawalipa kwa kuwapa ardhi nyingine na kuwasaidia kuanza maisha.

Hii ndiyo sababu tumechukua nafasi ya buletini kwa mutu mmoja wa zamani. Maneno «miaka kumi» yalivuka mpaka, yakafika mpaka kwenye barza zetu. Nusu ya pili haikuvuka. Watu wanakumbuka kwamba mwenye shamba aachilie, hawakumbuki kwamba kuna mwenye kudaiwa shamba lingine. Na neno lilikuwa «kupendekeza», si «kukataza». Waliokaa Arusha walipima maneno hayo mawili mmoja mmoja, sisi tunayachanganya.

Ngulinzira hakuona mwisho wake akiwa waziri. MDR ilipasuka. Julai 1993 serikali mpya ya Agathe Uwilingiyimana iliundwa, na mambo ya inje akapewa Anastase Gasana. Tarehe 4 Agosti, Habyarimana na Alexis Kanyarengwe wa FPR waliposaini mapatano yote, mutu aliyetembea safari nyingi zaidi hakuwa tena na cheo.

Lakini waliomchukia hawakumsahau. Ndege ya raisi ilipoangushwa usiku wa 6 Aprili 1994, Ngulinzira na familia yake walikimbilia ulinzi wa askari wa Ubelgiji waliokuwa katika MINUAR, kwenye shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro. Karibu watu 2,000 walikuwa wamejificha pale. Tarehe 11 Aprili askari waliamriwa kuondoka. Wazungu walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Wauaji walikuwa wanangoja kwenye uzio. Wengi wa wale 2,000 walipelekwa Nyanza, hapo karibu, wakauawa. Ngulinzira naye aliuawa siku hiyo. Familia yake ilifungua kesi Brussels. Mwaka 2010 mahakama ya kwanza ilisema kuondoka kule ni kitendo cha Ubelgiji. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikakataa.

Kilichofuata Goma wazee wetu hawahitaji kuelezwa. Tangu 14 Julai 1994, watu wanaokadiriwa karibu milioni moja walivuka kwa siku chache, wakalala juu ya mawe ya volkano ambayo hata choo haichimbiki, na kipindupindu kikawakuta Kibumba, Katale, Mugunga. Upande ule mwingine, wa 1959 walikuwa wanaingia Rwanda na kukuta nyumba tupu. Halafu Novemba 1996 kambi zilivunjika, na mstari mrefu wa Mugunga ukarudi Gisenyi. Wenye nyumba walikuwa wametoka miaka miwili tu. Kwa kifungu cha 4, haki yao ilikuwa wazi kabisa. Kwenye kilima, mulangoni kwa mutu, haikuwa rahisi hivyo. Serikali ya Kigali ilitafuta ardhi: mashamba yakagawanywa nusu kwa nusu kule Kibungo, na mwaka 1997 hifadhi ya Akagera ikakatwa zaidi ya nusu ili watu wapate pa kukaa. Mutu anaweza kubisha namna ilivyofanyika, na wako wanaobisha mpaka leo. Lakini ile nusu ya pili ya kifungu ilikuwa na mutu wa kuiulizia.

Kwetu je? Tuko na mapatano ya 23 Machi 2009, yaliyoleta kamati za upatanisho vijijini. Tuko na mapatano ya 17 Februari 2010 kati ya Kongo, Rwanda na HCR. Tuko na sheria ya ardhi ya 1973 inayosema udongo ni wa Leta. Kifungu cha 4 cha Arusha hakitumiki Kongo, wala hakikuandikwa kwa ajili ya Masisi ao Rutshuru.

Kwa wafadhili, neno moja, na tunalisema kwa heshima. Kila mwisho wa trimestre munatuuliza ni wangapi wamerudi. Tunawaandikia hesabu: waliovuka, waliopokea sufuria na mabati. Fomu haina mstari wa kuandika ni wangapi wamelima. Tungeomba uongezwe.

Kwa wanachama: mutu asikubali kuweka kidole kwenye karatasi ya kuachilia shamba kwa sababu ya «miaka kumi» kabla ya kupita kwetu. Yule mama tulimwambia hivyo. Alituliza, akauliza: «Basi mutanipa hiyo karatasi ya Arusha, nimuonyeshe shemeji yangu?» Nakala iko kwenye biro, kwa Kifaransa. Kifungu cha 4 tumekitafsiri kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, bila malipo. Mukuje na majina ya majirani wawili wanaojua mipaka ya shamba lenu.