Wapiga Mizinga na Elimu ya Mwendo

Hadi mwanzoni mwa karne ya 16, mpiga mzinga wa Ulaya alihesabiwa miongoni mwa mafundi, si miongoni mwa wasomi, kwa kuwa kazi ya kupima baruti, kuinua mtutu na kukadiria mahali tufe litakapoangukia ilifundishwa kwa vitendo. Wasomi walifuata mafundisho ya Aristotle kwamba kitu hakiendi pasipo kusukumwa muda wote, hata hewa ikapewa kazi ya kulisukuma jiwe lililokwisha kutoka mkononi. Dai hilo lilipingwa na Philoponus wa Aleksandria katika karne ya 6, na baadaye na Ibn Sina, lakini mabishano yao hayakumfikia mtu wa mizinga.

Mwaka 1531, mpiga mzinga mmoja wa Verona alimwuliza Niccolò Tartaglia, mwalimu wa hesabu, mtutu uinuliwe kiasi gani ili tufe lifike mbali kabisa. Tartaglia alijibu kuwa ni nyuzi 45, yaani katikati ya usawa wa ardhi na wima, na mwaka 1537 akachapisha kitabu juu ya jambo hilo mjini Venice. Jibu lilikuwa zuri kuliko sababu zake, kwani katika kitabu hicho tufe lilichorwa likienda kwa mstari mnyoofu, kisha kwa tao, kisha likishuka wima.

Galileo, aliyefundisha Padua kuanzia 1592 hadi 1610, aliviringisha matufe kwenye ubao ulioinama, akaona kwamba umbali hukua kwa kipeo cha pili cha muda, jambo linaloonyesha kuwa mchapuko, yaani kiasi cha kubadilika kwa mwendokasi katika kila sekunde, haubadiliki. Kutokana na hayo aliugawa mwendo wa tufe la mzinga mara mbili: wa mlalo, unaodumu bila kuongezeka wala kupungua kwa tabia ambayo leo huitwa inesha, na wa wima, unaochapuka kwa sababu ya uzito; na miendo hiyo miwili ikiungana huchora mkunjo uitwao parabola. Maelezo hayo yalichapishwa Leiden mwaka 1638.

Hata hivyo fundi aliyeuliza swali hakufaidika upesi. Torricelli, mfuasi wa Galileo, alitoa majedwali ya kulengea mwaka 1644, na Giovanni Battista Renieri wa Genoa alipoyajaribu kwa silaha halisi akakuta hayalingani na vipimo vyake, naye alipolalamika mwaka 1647 akajibiwa kwamba kitabu kiliandikwa kwa ajili ya wanafalsafa, si kwa ajili ya wapiga mizinga. Jibu la kiburi, ingawa halikuwa la uongo.

Kilichoachwa nje ya hesabu ni ukinzani wa hewa, yaani kani inayokipinga kitu kinachopita ndani yake. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi alivyofyatulia risasi ubao mzito ulioning'inizwa, na kutokana na jinsi ulivyorudi nyuma akakokotoa mwendokasi wa risasi ya bunduki kuwa takriban futi 1,700 kwa sekunde. Kwa parabola pekee risasi hiyo ingefika maili 17, ilhali kwa kweli haikufika hata nusu maili, kwa kuwa hewa iliikinza kwa kani iliyozidi uzito wake mara 120 hivi. Miaka mitatu baadaye mwanahisabati Euler alikitafsiri kitabu cha Robins kwa Kijerumani, akakiongezea maelezo marefu kuliko kitabu chenyewe.